Hapa kudesa ruksa: mipangilio ya seva inakiliwe, ifungwe, isiwe mali ya mtu mmoja

Huku kilimani upepo unavuma kama kawaida yake, vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la nguo, bumu bado halijasoma, na UE inatukodolea macho. Leo ningetakiwa kuwa nasoma saikolojia ya elimu. Sisomi. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu nilipotoka field, na nisipoliandika sitalala.

Nasema hivi, tena bila kupepesa macho: taasisi yoyote ambayo mipangilio ya seva zake iko kichwani mwa fundi mmoja, hizo seva ni za fundi. Taasisi imeazimwa tu. Siku fundi akiugua, akihamishwa au akikorofishana na bosi wake, watu wote wanabaki kuangaliana.

Sasa wale wenzangu wa Kiswahili na Historia ambao wameshaanza kusinzia, msikimbie. Nitaeleza taratibu.

Ndani ya seva karibu zote za maana kuna kompyuta nyingine ndogo ambayo kazi yake ni kuisimamia ile kubwa. Jina lake la jumla ni BMC, lakini kila mtengenezaji ana jina lake la biashara: Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, Lenovo wanaiita XClarity Controller. Mimi nitaiita kidhibiti. Kina prosesa yake, kina kumbukumbu yake, na mara nyingi kina tundu lake la kebo ya mtandao. Seva ikiwa imezimwa, chenyewe kiko macho mradi waya wa umeme umechomekwa. Kupitia hicho mtu anaweza kuwasha na kuzima seva, kuona skrini yake kama vile amekaa mbele yake, kubadilisha mpangilio wa diski, hata kuweka mfumo mpya wa uendeshaji, naye yuko mkoa mwingine kabisa anakunywa chai. Kwa lugha ya shuleni, huyu ni mwenye funguo zote: ya ofisi, ya stoo, ya maabara na ya kabati la mitihani.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Dodoma? Kwa sababu ya umbali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini uhamiaji wenyewe ulishika kasi 2016, na leo Mtumba kuna mji mzima wa wizara. Watumishi walipanda mabasi wakaja. Mashine hazipandi basi kirahisi hivyo. Kituo cha Data cha Taifa, NIDC, kiko Kijitonyama, Dar es Salaam. Kutoka hapa mpaka kule ni kama kilomita 450 kwa barabara. Ni kweli tangu 2024 tuna treni ya SGR, na safari imekuwa fupi, lakini hebu niambieni, nani anataka kukata tiketi ya treni kwenda kubonyeza kitufe kimoja? Nchi ambayo watu wake wako huku na mashine zake ziko kule, kidhibiti cha mbali ndio mkono wake. Mkono ukifa ganzi, kazi imesimama.

Na mkono unakufa ganzi kweli, nimeona kwa macho yangu. Wakati wa field nilikuwa karibu na ofisi moja, siitaji, ila ni ofisi inayohudumia watu wengi. Umeme ukakatika usiku, ukarudi alfajiri. Seva tatu zilikuwa kwenye raki, zilinunuliwa pamoja, aina moja, siku moja. Mbili zikaamka zenyewe. Ya tatu ikabaki imelala. Kwenye hizi mashine kuna mpangilio mmoja mdogo tu unaosema: umeme ukirudi, je, seva iwake, ibaki imezimwa, au irudie hali iliyokuwa nayo? Mbili ziliwekwa "iwake". Ya tatu iliachwa "ibaki imezimwa". Hakuna aliyejua kwa nini. Chumba kilikuwa kimefungwa, wakasema basi tuiwashe kwa kidhibiti. Nywila ya kidhibiti? Anayo fulani. Fulani yuko wapi? Amehamishwa tangu mwezi wa tatu. Simu yake? Haipatikani. Ikachukua siku mbili. Kina mama waliotoka vijijini na watoto mgongoni wakaambiwa "mfumo uko chini, rudini kesho". Nauli ya kesho nani anawapa?

Kitu kidogo hivyo, jamani. Mstari mmoja wa mpangilio.

Sasa linganisheni na sisi walimu. Mwalimu wa darasa la tatu kijijini, mwenye wanafunzi tisini na chaki mbili, lazima awe na azimio la kazi na andalio la somo. Mthibiti ubora akifika, kitu cha kwanza kuuliza ni hicho. Maana ya azimio la kazi si kumsumbua mwalimu. Maana yake ni kwamba akiondoka katikati ya muhula, anayekuja anafungua daftari, anaona tumefika mada ya nne, anaendelea. Watoto hawapotezi kitu. Haya, nani anakwenda kwenye chumba cha seva kuuliza andalio? Kile chumba kina mashine za mamilioni ya shilingi, kina taarifa zetu zote, matokeo, mikopo, vyeti, na hakuna hata karatasi moja inayosema mashine zimepangwaje. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walisema kabla ya seva kuwepo.

Tuanze basi na kudesa. Najua humu ndani wote ni mabingwa, ila kwenye mtihani ni kosa na kwenye seva ni sifa. Kwenye mashine za Dell, kwa mfano, mipangilio yote inaweza kutolewa kama faili moja la maandishi, la XML au JSON. Ndani yake kuna mipangilio ya BIOS, ya kidhibiti chenyewe, ya kadi za mtandao na ya diski. Unapanga seva moja kwa utulivu, unatoa faili, unalisoma mstari kwa mstari kama unavyosahihisha insha, halafu unaliingiza kwenye seva nyingine. Kuna hata njia ya kulijaribu kwanza ili uone litakubalika au kutakuwa na makosa kabla ya kugusa kitu. Mashine za HPE nazo zina njia yake ya kuhifadhi mipangilio ya kidhibiti na kuirudisha. Tena tangu 2015 kuna kanuni ya pamoja inaitwa Redfish, iliyotolewa na jumuiya ya watengenezaji ya DMTF, ili mtu aweze kuzungumza na vidhibiti vya kampuni tofauti kwa lugha inayofanana. Kwa hiyo ule wimbo wa "kila mashine ina mambo yake" umepitwa na wakati.

Lile faili ndilo azimio la kazi ninalolisemea. Ukiwa nalo, seva ya tatu isingebaki imelala, kwa sababu mstari wa umeme ungekuwa sawa kwenye zote tatu. Ubao mkuu ukiungua ukaletwa mwingine, hukai kukumbuka "hivi hapa nilibofya nini mwaka juzi". Unaingiza faili, unakwenda kula.

Lakini kudesa nako kuna akili yake. Wote tunamjua yule jamaa, kila darasa linaye, aliyedesa asainmenti mpaka na jina na namba ya usajili ya mwenzake. Seva nazo ni hivyo hivyo. Ukinakili faili zima bila kuangalia, utanakili na anwani ya mtandao, na seva mbili zenye anwani moja ni kama wanafunzi wawili wenye namba moja ya mtihani: zitagombana na zote mbili zitapotea. Utanakili na nywila moja kwenye mashine hamsini, halafu mwizi akipata moja amepata hamsini. Na sehemu ya diski ndiyo ya kuogopa zaidi, maana ikiingizwa ovyo kwenye seva inayofanya kazi inaweza kufuta kila kilichomo. Kwa hiyo kanuni za wote ziandikwe mara moja na zinakiliwe kwa wote. Mambo ya kila mmoja, yaani jina, anwani na nywila, yabaki ya kila mmoja. Na faili lenyewe litunzwe kama karatasi ya mtihani kabla ya siku yake, kwa sababu linaweza kubeba hata nywila zilizosimbwa.

Ukishanakili, funga. Hapa ndipo wengi wanaponikatisha tamaa. Wanapanga vizuri Jumatatu, Jumatano mtu anaingia "nirekebishe kidogo tu", Ijumaa mwingine naye anagusa kidogo tu, ukifika mwisho wa muhula seva kumi zina sura kumi. Kuanzia 2017, seva za Dell za kizazi cha 14 zenye iDRAC9 zina hali ya kufunga mfumo mzima. Ukiiwasha, kubadilisha mipangilio au kuweka toleo jipya la programu ya ndani kwa zana zao kunakataliwa. Lakini kuwasha na kuzima seva bado unaruhusiwa, kuangalia skrini bado unaruhusiwa, kuchunguza ugonjwa bado unaruhusiwa. Yaani daktari anaingia wodini, ila hahamishi kitanda. Anayetaka kubadilisha kitu kwa nia njema anafungua, anabadilisha, anafunga tena, na kumbukumbu ya mashine inaandika kwamba ilifunguliwa. Mnaona uzuri wake? "Kidogo tu" inakuwa tendo la makusudi lenye tarehe.

Msinielewe vibaya lakini. Kufuli hii inazuia mikono ya haraka haraka, haizuii mwizi aliyeshika ufunguo. Mwenye haki za msimamizi anaweza kuifungua. Na vidhibiti hivi vina historia ya aibu. Kwa miaka mingi iDRAC ilikuja kutoka kiwandani na jina "root" na nywila "calvin", dunia nzima inajua, imeandikwa kwenye vitabu vyao vya maelekezo. Supermicro walikuwa na "ADMIN" na "ADMIN" mpaka sheria ya jimbo la California ilipoanza kufanya kazi Januari 2020, ikitaka kila kifaa kiwe na nywila yake au mtumiaji alazimishwe kuibadilisha. Mwaka 2013 mtaalamu Dan Farmer alieleza hadharani kwamba itifaki ya zamani ya IPMI 2.0 inampa mtu yeyote anayejua jina la mtumiaji alama ya nywila iliyosimbwa, kabla hata hajathibitishwa ni nani, akaivunje kwa nafasi yake nyumbani. Mwaka 2017 iLO 4 ilikutwa na tundu la ajabu: ukituma herufi A 29 mahali fulani kwenye ombi, inakuruhusu kupita bila nywila. Herufi A 29! Mtoto wa chekechea anaweza. Tundu lilizibwa, lakini linazibika tu kwa yule aliyeweka toleo jipya.

Kali kuliko zote ni ya Desemba 2021. Kampuni ya usalama ya Iran, Amnpardaz, ilitoa taarifa ya programu haramu iliyokuwa imejificha ndani ya iLO yenyewe. Fundi akijaribu kuweka toleo jipya, ile programu ilikuwa inajifanya imesasishwa, kumbe imezuia. Seva ikafutwa diski, ikarudishwa, ikafutwa tena. Unaweka mfumo mpya, mwizi anakaa chini ya sakafu. Mpaka Juni 2023, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, likaziamuru taasisi za serikali yao kuondoa milango ya usimamizi iliyoachwa wazi kwenye intaneti ndani ya siku 14 tangu igundulike. Wamarekani na Wairani hawakubaliani mambo mengi duniani, ila kwenye hili wameumwa na nyoka mmoja.

Funzo ni kwamba kufunga mipangilio bila kukitenga kidhibiti kwenye mtandao wake, mbali na intaneti na mbali na wifi ya ofisi, ni sawa na kupiga kufuli mlangoni huku dirisha limeegeshwa.

Haya, najua maneno yatakayokuja, ngoja niyajibu mapema.

La kwanza: "Haya ni ya watu wa CIVE, nyie wa ualimu inawahusu nini?" Inatuhusu sana. Ukipangiwa sekondari Chemba au Mpwapwa na kwenye cheti chako kuna neno kompyuta, kuanzia siku hiyo wewe ndiye mtaalamu wa TEHAMA wa shule, wa kata, na wa mwenyekiti wa kijiji. Printa ikigoma unaitwa. Siku wakileta seva utaitwa. Halafu sisi ndio tunaofundisha hao watakaokwenda CIVE. Tukiwafundisha kwamba kompyuta ni kipanya, kibodi na kiwambo, na kwamba ufundi ni kubofya bofya mpaka ikubali, tusishangae wakiwa mafundi wa kubofya bofya.

La pili: "Ukiandika mipangilio unawasaidia wezi." Hapana. Mwizi hahitaji faili lako ikiwa nywila yako bado ni ya kiwandani. Siri iliyoko kichwani mwa mtu mmoja, kinacholindwa hasa ni kiti cha huyo mtu. Faili lisimbwe, liwekwe sehemu mbili, washike watu wawili. Benki wanafanya hivyo na funguo za kasha tangu enzi.

La tatu: "Hela za leseni hatuna." Hapa kuna ukweli nusu. Ile hali ya kufunga ya Dell inataka leseni ya daraja la juu, na hata kuona skrini kwa mbali kunataka leseni. Lakini kubadilisha nywila ya kiwandani ni bure. Kuzima IPMI ya mtandaoni kama huitumii ni bure. Kuandika mipangilio, hata kwa peni kwenye kaunta buku, ni bei ya kaunta buku. Na kama mnanunua mpya, leseni iandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo. Kununua seva ya bei mbaya bila leseni ya kuisimamia, halafu kila mwezi kumlipa mtu posho ya safari akaiwashe, hiyo ndio hesabu gani?

La nne, na ndilo linaloniuma: "Fundi wetu ni mwaminifu, hana shida." Sibishi. Wengi wao ni watu wazuri, wanaamshwa usiku wa manane kwa mshahara usiolingana. Lakini huyo mwaminifu hawezi kwenda likizo. Hawezi kuzima simu msibani. Hawezi kuugua kwa amani. Mnamwita muhimu, kumbe mmemfunga yeye badala ya kuifunga mipangilio.

Sheria zipo, tusisingizie. Kuna Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, iliyoipa eGA hadhi ya mamlaka kutoka kuwa wakala, na makao yake yako hapa hapa Dodoma. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayeshika taarifa zetu azilinde. Na kwa wale wajuaji wa hosteli wanaotaka sasa hivi kwenda kujaribu "calvin" kwenye seva ya mtu: kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mtaisomea UE mahabusu.

Ninachodai ni hiki, na nadai kwa kila taasisi yenye seva, ya serikali, ya dini, ya mtu binafsi, na chuo chochote kile:

1. Kila seva iwe na faili la mipangilio, lenye tarehe na jina la aliyelipitisha. Seva isiyo nalo isiingie kazini.

2. Nywila ya kiwandani ife siku mashine inapofunguliwa boksi. Kila mashine na yake, na watu wasiopungua wawili wajue zilipo.

3. Kidhibiti kiwe kwenye mtandao wake, kisionekane kwenye intaneti hata kwa dakika moja.

4. Mipangilio ifungwe. Ikifunguliwa, iandikwe nani, lini na kwa nini, halafu ifungwe tena siku hiyo hiyo.

5. Mara moja kwa muhula mtu asiye fundi mkuu apewe lile faili na seva moja ya akiba, aambiwe aipange. Akishindwa, faili halijakamilika. Huo ndio mtihani wenyewe, na hauna sapu.

Namba tano naisisitiza kwa sababu ndiyo ya kiualimu hasa. Andalio la somo linapimwa na mwalimu mwingine akiweza kulifundishia. Likimfaa aliyeliandika peke yake, basi ni shajara yake.

Wewe unayesoma, ukienda field mwaka huu, halmashauri, shuleni, hospitali, popote, uliza swali moja tu kwa adabu: "Samahani mkuu, huyu fundi akihamishwa kesho, nani anajua hizi mashine zimepangwaje?" Usibishane. Sikiliza jibu, angalia sura, halafu uje unisimulie.

Mimi narudi kwenye saikolojia ya elimu, Piaget ananisubiri na maji ya bomba yameshakatika tena. Muwe na wiki njema wapendwa, na anayedaiwa desa langu la takwimu alirudishe kabla ya Ijumaa.